Kimya si Kukubali: Tulichojifunza Katika Kikao cha Mradi Masakta



Ndugu msomaji, tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila wiki bila kulifikiria sana: vikao. Seminarini tuna vikao vya darasa, vya kwaya, vya bustani, vya michezo. Parokiani kuna vikao vya jumuiya, vya kigango, vya halmashauri ya walei, vya kamati ya ujenzi. Tunaanza kwa sala, tunamaliza kwa sala, na katikati tunaamini kwamba tumefanya kazi pamoja. Sisi tuliamini hivyo mpaka kikao kimoja kilipotufundisha vingine.

Tulikuwa mafrateri saba, tumepelekwa utume wa likizo Masakta, wilayani Hanang. Pamoja na katekesi na kutembelea wagonjwa, tulitakiwa kubuni mradi mdogo pamoja na waamini na kuuandikia taarifa. Hatukuhangaika kutafuta wazo. Kila mtu katika eneo lile bado anaikumbuka tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ambao watoto wa Hanang hukua wakiutazama kama jirani mwema, uligeuka kuwa sababu ya msiba. Hatukudhani kwamba miche yetu ingeweza kuzuia mlima usimeguke. Lakini tuliona makorongo yanavyozidi kupanuka kila masika, tukasema angalau tupande miti kwenye korongo moja, udongo upate cha kushika.

Wazo lilikuwa jema, na miche ilipatikana. Kilichoharibika ni kikao.

Kikao kilivyokwenda

Tulikutana baada ya chakula cha jioni. Mwenyekiti wetu alikuwa frateri mwenye bidii, anayependa mambo yaende. Alikuwa na mpango wote kwenye daftari: mahali pa kupanda, idadi ya mashimo, siku ya kazi. Alitusomea, akauliza, "Kuna mwenye swali?" Akasubiri kidogo sana. Kisha akasema, "Basi tunaendelea."

Mmoja wetu alizaliwa katika familia ya wafugaji. Alinyoosha mkono, akaanza kusema kwamba korongo lile ni njia. Kabla hajamaliza, mwingine akamkatiza: muda umekwenda, mambo ya njia tutayaona site. Akaushusha mkono. Hakuunyoosha tena usiku ule.

Karibu na mlango alikaa mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye tulimwalika kuwawakilisha waamini. Tulimsalimu vizuri, tukamkaribisha vizuri, tukamshukuru kwa kufika. Hatukumwuliza kitu. Ilipofika saa ya chai alitoka kwenda kusaidia jikoni, na aliporudi tulikuwa tumeshapitisha. Katibu wetu aliandika sentensi ambayo imo katika mihtasari mingi ya vikao vyetu Watanzania: "Wajumbe wote walikubaliana."

Tuliporudi likizo ya Noeli, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, tukapanda. Watu wa kigango walijitokeza kwa wingi, waliimba, walichimba. Tulipiga picha. Baada ya wiki mbili miche mingi ilikuwa imekanyagwa na kuliwa. Korongo lile lilikuwa mapito ya mifugo kuelekea kwenye lambo, na ng'ombe walipita walipozoea kupita.

Hasara ya miche ingevumilika. Kilichotutisha ni maneno yaliyofuata. Baadhi ya waliopanda walisema wafugaji wamefanya makusudi. Wafugaji walisema wakulima wamewatumia mafrateri ili kufunga njia ya maji. Kila anayeijua Tanzania anajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Tulikwenda kupanda miti, nusura tupande ugomvi. Nasi tulikuwa na mtu mezani aliyejua, na mwingine mlangoni aliyejua. Yule mama alitwambia baadaye, kwa upole uliotuumiza kuliko karipio, "Mlikuwa na haraka, wanangu. Nikasema, labda wasomi wana njia nyingine."

Makosa yetu hasa ni yapi?

Ni rahisi kusema kosa lilikuwa la mwenyekiti. Si kweli. Sisi sita wengine tulikuwapo. Tuliona mkono ukishushwa tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumechoka na tulitaka kulala. Hata mwenye kujua alinyamaza, na yeye mwenyewe amekiri kwamba aliona afadhali amani ya chumbani kuliko ubishi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wetu tuliusikia korongoni.

Tumetafakari sana na maoni yetu ni haya: katika mazingira yetu ya Kanisa tunachanganya mambo matatu yasiyofanana. Tunachanganya kimya na kukubali. Tunachanganya utii na kutokuwa na la kusema. Tena tunachanganya umoja na kuonekana tuko pamoja. "Umoja ni nguvu" tumeuandika kwenye mabango na fulana mpaka tumesahau kuuliza umoja huo umejengwa na nini. Kundi la watu wanaofanya kosa moja kwa pamoja nalo lina umoja.

Yapo mambo mawili ya hapa kwetu yanayoongeza ugumu, na ni vizuri kuyataja bila aibu.

La kwanza ni lugha. Manyara ni mkoa wa pekee. Wairaqw lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga ni ya Kinailoti, Warangi na Wanyaturu ni za Kibantu, na upande wa Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu wa karibu. Kiswahili kinatukutanisha wote, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini anayefikiri kwa Kidatoga na kusema kwa Kiswahili anahitaji sekunde chache zaidi kuliko aliyekulia Kiswahili mjini. Mwenyekiti akiuliza swali na kuendelea baada ya pumzi moja, hajawanyima wote nafasi kwa usawa. Amewanyima wale wale. Na sisi wanafunzi tunaongeza jingine: tunajadili kwa Kiswahili, halafu taarifa tunaandika kwa Kiingereza, hivyo mama wa jumuiya hawezi hata kusoma kilichoandikwa kwa jina lake.

La pili ni heshima. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na hilo ni jema. Lakini mafrateri tunapofika kigangoni, waamini wanatupa heshima ya padre kabla hatujawa mapadre. Wazee wenye mvi wanatusubiri sisi tuseme kwanza. Tukisema kwanza, tumekwisha funga mlango, maana ni nani atakayesimama kumpinga frateri mbele ya watu? Heshima waliyotupa ilitakiwa itufanye tuulize mara mbili. Sisi tuliitumia kumaliza kikao mapema.

Mitume nao walikuwa na kikao kigumu

Tulipokuwa tukijilaumu, paroko alitupa kazi ya kusoma sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Tulidhani tunaijua, kwa kuwa huwa tunaisoma kwa ajili ya mashemasi. Safari hii tuliona jambo jingine. Manung'uniko yale yalikuwa ya lugha na chakula. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko hayo yaliwaelekea Waebrania. Hatuoni popote kwamba kulikuwa na nia mbaya. Huenda waliokuwa wakigawa hawakuwaona tu, kama sisi tusivyomwona mama aliyekaa mlangoni.

Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji wavumilie kwa ajili ya umoja. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakaliweka tatizo mezani, wakaeleza kazi yao wenyewe ni ipi na isiyo yao ni ipi, wakaomba wachaguliwe watu saba. Na majina ya wale saba ni ya Kiyunani. Yaani waliokuwa wamesahauliwa ndio waliokabidhiwa mgawo. Kabla ya kuchagua watu, walisikiliza. Baada ya kusikiliza, waligawana kazi waziwazi. Luka anatwambia kwamba baada ya hapo neno la Mungu likazidi kuenea. Hatuamini kwamba mambo hayo mawili yaliandikwa karibu karibu kwa bahati.

Katika Kutoka sura ya 18, ni Yethro, mkwewe Musa na mgeni katika Israeli, aliyeona kwamba Musa anajichosha na kuwachosha watu kwa kuamua kila kitu peke yake. Musa alikuwa amezungumza na Mungu, lakini alimsikiliza mkwewe. Na Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, anaagiza abate aite ndugu wote panapokuwa na jambo kubwa, wakiwamo wadogo, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Abate ndiye anayeamua. Lakini anaamua akiwa amesikia.

"Kanisa si demokrasia"

Hapo tunajua kuna msomaji atakayesema: jamani, Kanisa si bunge, lazima awepo mwenye kauli ya mwisho. Tunakubali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 536, inasema wazi kwamba baraza la kichungaji la parokia lina kura ya ushauri tu. Lakini hebu tufikiri. Kama baraza halina uwezo ila kushauri, basi ushauri ndiyo kazi yake yote. Baraza lisiloulizwa, au linaloulizwa baada ya mambo kuamuliwa, limenyang'anywa hicho kimoja lilichopewa. Na mwenye kauli ya mwisho anaihitaji kweli kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa akikosea hakuna wa kumrekebisha kwa kura.

Wengine watasema kusikiliza kila mtu kunakula muda. Ni kweli, kunakula. Kikao chetu cha kwanza kilikwisha chini ya saa moja. Kisha tulitumia siku nyingi kuzunguka nyumba kwa nyumba kutuliza maneno. Tukijumlisha, kikao kifupi ndicho kilichotugharimu muda mrefu.

Wapo pia wanaoogopa kwamba nafasi ikifunguliwa, wasemaji watakuwa wale wale wenye maneno mengi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana kusikiliza kunahitaji utaratibu. Katika mikutano ya Sinodi iliyofanyika Vatikani Oktoba 2023 na Oktoba 2024, maaskofu, mapadre, watawa na walei, wanaume kwa wanawake, waliketi kwenye meza za duara, wakatumia njia iliyoitwa mazungumzo katika Roho. Kila mmoja husema kwa zamu kwa muda uliopangwa, bila kukatizwa. Panafuata kimya cha sala. Kisha kila mmoja husema lililomgusa katika maneno ya wenzake, na si kurudia lake. Halafu ndipo wanatafuta pamoja la kufanya. Njia hiyo inamnyima mwenye maneno mengi mkutano mzima, na inamwokoa mwenye maneno machache.

Wala si jambo geni kwetu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia ya kuliishi Kanisa tangu miaka ya 1970, ili waamini wakutane nyumbani kwa mtu, wasome Neno na kusemezana. Na kabla ya hapo, wazee wa huku walijua kukaa. Wairaqw wana sala ya baraka iitwayo slufay, ambayo mzee huiongoza na waliokusanyika huitikia pamoja. Mzee hasali peke yake. Kwa Wabarabaig, wanawake wana baraza lao ambalo mwanamume aliyemkosea mwanamke anaweza kuhukumiwa na kutozwa ng'ombe. Tulikwenda kwa watu wenye mabaraza yao, na sisi tukawafundisha kuitikia "ndiyo".

Kikao cha pili

Kwa ushauri wa paroko tuliitisha kikao kingine, mchana, chini ya mti, karibu na korongo lenyewe. Wafugaji waliitwa, wakulima waliitwa. Tulikaa duara. Mwenyekiti wetu, na hapa tunampongeza kwa ujasiri, alianza kwa kuomba radhi, kisha akasema yeye atazungumza wa mwisho. Yule frateri aliyeshusha mkono ndiye aliyeombwa kuongoza, na alipoona mzee mmoja anatafuta maneno, alimwomba aseme kwa Kidatoga, akatutafsiria.

Tulijifunza mengi kwa saa mbili kuliko tulivyojifunza kwa likizo mbili. Njia ya ng'ombe inaweza kusogea kidogo, lakini haiwezi kufungwa. Upande wa juu wa korongo, udongo unakoanza kukatika, hakuna mifugo inayopita. Kina mama walijua miti ipi huvumilia kiangazi na ipi hufa mapema. Wazee wa pande zote mbili walipeana mikono. Hatukuondoka tukiwa tumemaliza kila kitu. Tulipanda miche michache kuliko mara ya kwanza, na si yote iliyoshika. Lakini iliyokufa, imekufa kwa jua. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole.

Tunapendekeza nini?

Kutokana na hayo, tunawaomba mafrateri wenzetu na viongozi wa walei tujaribu mambo machache.

Ajenda itangazwe siku kadhaa kabla, ili mtu afikiri kwa lugha yake na aulize nyumbani kwake. Ujumbe wa simu unafaa kwa tarehe na saa; jambo lenye utata lisubiri watu wakae uso kwa uso.

Mkubwa azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine watamwitikia tu.

Mwenyekiti asiulize "Kuna mwenye swali?" Aulize, "Nani anajua jambo ambalo sisi hatujalijua?" Kisha asubiri. Na ambaye hajasema aombwe kwa jina, kwa upole.

Katibu asome maamuzi kwa sauti kabla ya sala ya kufunga: nini kitafanyika, nani atafanya, lini. Aandike pia maoni yaliyotofautiana. Muhtasari unaosema wote walikubaliana siku zote haujaandika kikao. Umeandika tamaa ya katibu.

Na neno moja kwa ndugu waamini. Mnatufahamu, nasi tunawafahamu. Mara nyingi kikao cha kweli hufanyika njiani, watu wakirudi nyumbani wawili wawili. Huko ndiko husemwa, "Mimi nilijua haitawezekana." Tafadhali, tuletee neno hilo ndani. Kumwambia frateri au padre kwamba njia hiyo ni ya ng'ombe si kumkosea adabu. Kumwacha apande miti njiani na kuangalia kimya, hilo ndilo linalomwumiza yeye na watu wake.

Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake wa kitume Pastores Dabo Vobis wa mwaka 1992, alisisitiza kwamba malezi ya kiutu ndiyo msingi wa malezi yote ya padre, na kwamba padre anatakiwa kuwa mtu wa ushirika. Tuliijua hoja hiyo kwa ajili ya mtihani. Baadhi yetu, Mungu akipenda, baada ya miaka michache tutakaa kwenye kiti cha mwenyekiti wa baraza la parokia. Atakayekuwa karibu na mlango atakuwapo tena, akitazama kama tuna haraka. Tunaomba neema ya kumgeukia kabla hajaenda kusaidia jikoni, na kumwuliza, "Mama, wewe unaonaje?"